Sare Iliyomkaa Chiriku

Kituoni walimwita Siafu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa mpaka kiti kikapata joto. Jina hilo alilijua na wala halikumuudhi. Alisema wako wenzake wanaoitwa kwa vyeo vyao kamili na hawajafikisha kesi moja mahakamani. Asubuhi hiyo, saa mbili haijatimia, mpelelezi huyo alikuwa amesimama katikati ya chumba cha Mama Pasi. Kiti alichopewa alikishukuru, akakisogeza kando, na macho yake yakabaki kwenye simu ya mwenye nyumba.

Kwenye simu palikuwa na picha ya msichana wa miaka kumi na tisa, amevaa sare ya bluu ya mbingu yenye kola nyeupe, anacheka mbele ya kioo cha kabati. Huyo ndiye Chiriku, kitinda mimba wa Mama Pasi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Jana alfajiri alitoka na mkoba mmoja kwenda kwenye kazi mpya. Ilipofika mchana simu yake ikazimika. Alikuwa msichana wa tatu katika wiki tano. Wa kwanza aliwahi kupiga simu mara moja kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa namba isiyojulikana, akalia dakika mbili, simu ikakatwa. Wa pili hata kilio chake hakikusikika. Siafu alijua, na Mama Pasi alijua vilevile, kwamba Chiriku akishavuka mpaka ndiyo basi. Swali lilikuwa moja tu: je, bado yuko upande huu?

Mama Pasi hakuwa mama wa kudanganywa kirahisi. Miaka sita alikuwa akipiga pasi kwa Wanacherehani, wale wanawake waliojikusanya kuwatoa wenzao mikononi mwa mawakala wanaouza watu kwa jina la ajira. Kila Alhamisi alisimama mbele ya wasichana akawafundisha: pasipoti yako usimpe mtu, kazi ambayo hujaona anwani yake usiiendee, na jina la wakala lilete kwetu kwanza. Chiriku alipokuja na habari ya kazi ya mapokezi hotelini, mama huyohuyo akafunga mdomo.

"Kwa nini hukuwaambia wenzako?" Siafu aliuliza.

"Aliniomba. Alisema Wanacherehani wakianza kupekuapekua, nafasi itachukuliwa na mwingine." Mama Pasi alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye gari. "Nikasema, mbona wa wenzangu wanapata? Wangu atakaa hapa kunipashia pasi mpaka lini?"

"Na kila Alhamisi unafundisha."

"Kila Alhamisi."

Sajenti, mtu mnene na mpole ambaye kazi yake ilikuwa kuandika na kumkumbusha Siafu kula, alikohoa kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa na mabinti wanne. "Mganga hajigangi, mama," alisema, bila kejeli yoyote.

Siafu alirudi kwenye picha. Aliyempima msichana huyu ni nani? Mama Pasi akasema hakupimwa. Sare ililetwa Ijumaa, imefungwa kwenye karatasi, imetumwa na mama mmoja wa hoteli ambaye Chiriku alimsifu kwa upole wake na ambaye Mama Pasi hakuwahi kumwona. Chiriku aliivaa palepale aliposimama mpelelezi, ikamkaa. Hata pindo halikuguswa, na Mama Pasi ndiye aliyezoea kumpunguzia nguo zote.

"Bega hili lina nini?" Siafu aliikuza picha kwa vidole viwili.

Akaelezwa. Chiriku alianguka ngazini akiwa na miaka minne, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo bega la kulia liko chini kuliko la kushoto. Nguo ya dukani ikimkaa upande huu, upande ule inaning'inia. Lakini kwenye picha mshono wa mikono yote miwili ulikuwa umelala juu ya mfupa, sawasawa, kulia na kushoto.

Siafu alitoka bila kuaga vizuri, Sajenti akabaki nyuma kuaga kwa niaba ya wote wawili. Walipokutana chini ya ngazi mpelelezi alikuwa ameshaanza kusema. Mtu anaweza kukisia kiuno, alisema. Anaweza kukisia urefu. Bega moja hakisii mtu. Linapimwa kwa tepu na kuandikwa. Halafu akakumbuka jambo lisilompendeza. Mama wa msichana wa pili alimwambia kwamba binti yake aliondoka na sare iliyomkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Siafu aliliandika hilo kwenye daftari lake, akalipita, akaenda kutafuta namba za magari. Alijichukia kwa hatua kama ishirini hivi, kisha akaongeza mwendo.

Wanacherehani walianza wakiwa wanne, na cherehani nne, katika chumba kilichokuwa stoo ya magunia. Mwanzilishi wao, ambaye mji mzima ulimwita Shangazi, alikuwa amerudi kutoka kwenye nyumba ya watu alikofungiwa jikoni miaka mitatu. Hakurudi na kitu ila ufundi wa mikono. Akashona. Wanawake wakaja kurekebishiwa nguo, na nguo inaporekebishwa mdomo nao hufunguka: huyu dada yake hajulikani aliko, yule pasipoti yake ilichukuliwa, mwingine karudi na hataki kulala taa ikizimwa. Mwaka wa pili walikwenda kumi na wawili kwenye ofisi ya wakala, wakakaa mlangoni pake na kazi zao mapajani, wakashona siku nne mfululizo, wateja wakiwaruka, mpaka akatoa pasipoti kumi na tisa ili tu waondoke. Baada ya hapo watu hawakuhitaji kuitwa. Sasa kulikuwa na vyumba ishirini na sita katika miji ambayo mingine Shangazi mwenyewe alikuwa hajaifika, na mwezi ujao wanawake mia tatu na arobaini wangeandamana hadi bungeni, wote kwa gauni la aina moja, kudai sheria ya mawakala.

Sheria yao ya ndani ilikuwa moja, nayo haikuandikwa popote: mwanamke anayefika mlangoni akikimbia haulizwi anatoka wapi. Akitaka kusema atasema. Siafu aliiheshimu sheria hiyo na leo ilimkera, maana Chiriku alipimwa humo kama wanachama wote, na kwa hesabu yake mtu aliyetoa vipimo vyake alikuwa ndani ya chumba kile, na ndani ya chumba kile wengi hawakuwa na historia.

Alipofika huko, jicho lake lilimwangukia Bi Simu. Huyu ndiye aliyepokea simu za wanaoomba msaada, mwanamke mwembamba aliyefika miezi minane iliyopita na kusema maneno kama kumi tangu siku hiyo. Saa nne na nusu aliondoka mezani, akapita nyuma ya robota za vitambaa, akatokea uani penye vyoo, akatoa simu nyingine ndogo kutoka kwenye soksi. Siafu alikuwa nyuma yake kabla hajabonyeza namba. Simu ile, ilipokaguliwa, ilionyesha namba moja tu, iliyopigwa kila siku ya kazi, saa ileile.

Bi Simu aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali, akaulizwa na Sajenti kwa sauti ya kibaba, akaendelea kutazama saa ya ukutani. Shangazi alisimama mlangoni amekunja mikono na kusema kwamba katika nyumba yake watu hawahojiwi hivyo. Saa moja na nusu ikaenda na maji. Mwishowe Sajenti, aliyechoka kusimama, akachukua ile simu na kuipiga namba yenyewe, akaweka sauti ya kusikika na wote.

"Mama, leo umechelewa," mwanamke mmoja alijibu. "Mtoto ameshaingia darasani. Alikungoja mapumziko yote."

Alikuwa mwalimu. Mtoto alikuwa wa Bi Simu, aliyebaki kwenye nyumba ya baba ambako mama haruhusiwi kusikika, na mwalimu huyo alikuwa akimwazima simu yake kwa dakika tano za mapumziko. Siafu alimrudishia Bi Simu simu yake kwa mikono miwili. Alimwomba radhi, na aliona aibu kweli, maana dakika tano za mtoto yule hazingerudi. Lakini miguu yake ilikuwa imeshageuka. Ilikuwa saa sita kamili na hakuwa na kitu.

Alimfuata Shangazi kwenye meza ya kukatia nguo na kuomba kuona daftari la vipimo.

"Hilo huoni," Shangazi alisema.

Sababu Siafu aliijua. Miaka minne iliyopita Wanacherehani walimkabidhi ofisa mmoja wa polisi orodha ya majina na anwani za wanachama, kwa nia njema, na kabla ya wiki kwisha nyumba kumi na moja zilitembelewa na wanaume wenye marungu. Tangu hapo hawakuandika jina la mtu. Kila msichana aliyejiunga alipimwa kama mteja, vipimo vyake vikaandikwa katika daftari la kawaida la fundi: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na jina la utani juu. Anayehitaji kuangaliwa kwa karibu alishonewa uzi pembeni ya ukurasa wake. Uzi mweusi ni aliyetoroka na bado anatafutwa. Uzi mwekundu ni aliyeahidiwa kazi ya mbali, au anayeitafuta. Polisi walipokuja kupekua mara mbili baadaye, walilifungua daftari lile, wakaona inchi na nyuzi, wakalirudisha mezani. Shangazi aliwahi kucheka siku nzima.

"Wewe ni mtu mwema, mwanangu," alimwambia sasa. "Kituo chako si chema."

"Sitaki kulisoma. Fungua wewe. Niambie bega la Chiriku limeandikwaje."

Shangazi alifungua kabati la chuma kwa funguo mbili, akalitoa daftari, akapekua. Bega la kulia lilikuwa limeandikwa peke yake, limepungua robo tatu ya inchi. Pembeni ya ukurasa palikuwa na uzi mwekundu. Siafu akauliza kuhusu wale wasichana wawili wa mwanzo. Nao pia uzi mwekundu.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna."

"Limewahi kutoka humu?"

"Halijatoka." Shangazi alilifunga. Kisha akalifungua tena, bila sababu. "Lilitoka siku tisa. Wiki sita zilizopita. Magauni ya maandamano ni mia tatu na arobaini, na sisi hapa tungeshona mpaka mwakani. Nikampa kazi fundi wa karakana ya sare, yule wa barabara ya nyuma. Fundi hawezi kushona bila vipimo."

"Ulimpa daftari lenyewe?"

"Kunakili kungetuchukua wiki nzima. Na yeye angesoma nini? Kwake ni daftari la vipimo."

"Ulimwambia chochote kuhusu nyuzi?"

Kwenye pembe ya chumba cherehani mbili zilikuwa zikienda, na mojawapo ikasimama.

"Nilimwambia aanze na wenye uzi mwekundu," alisema. "Nikamwambia awaite mapema kujaribisha. Kwamba hao ndio wanaotafuta kazi nje, wasije wakasafiri kabla ya magauni yao." Akakaa. Siafu hakuwa amewahi kumwona Shangazi akikaa wakati watu wanamtazama. "Nilimwambia kwa mdomo wangu."

Hakukuwa na muda wa kumbembeleza na Siafu hakujua kubembeleza. Alimwagiza ahesabu nyuzi nyekundu. Zilikuwa kumi na nne. Ukitoa watatu waliokwishapotea, walibaki kumi na mmoja, na Bi Simu, ambaye angekuwa na haki ya kukataa, akavuta meza yake na kuanza kupiga. Wanne walipokea: mmoja alikuwa sokoni, mwingine anaoga, wawili wakauliza kuna nini. Saba simu zao zilikuwa zimezimwa. Ndugu walipotafutwa, jibu lilikuwa karibu lilelile nyumba kwa nyumba: ameenda mafunzo ya hoteli ya siku mbili, atarudi kuaga. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mmoja alisema hata sare yao ni nzuri.

Mama Pasi alikuwa amefika kazini kwa kuwa nyumbani hakukukalika. Alisimama kando ya meza ya pasi, akasikia yote. Alichomoa pasi kwenye umeme, akaizungushia waya wake vizuri, akaenda kusimama nje.

Njiani Sajenti alitaka wamkamate fundi moja kwa moja. Siafu akakataa. Fundi akikamatwa, simu moja tu na wasichana wanapakiwa, wanakwenda. Kwanza wajue kama bado wapo. Kwa hiyo Sajenti aliingia karakana kama mteja, na udanganyifu haukumpa taabu, kwani suruali yake ilikuwa imembana kwa miaka miwili na mkewe alikuwa ameshatoa onyo la mwisho. Konstebo wawili walibaki kwenye gari kona ya pili. Siafu aliingia saluni iliyotazamana na karakana, akakaa kwenye kiti cha dirishani, na msusi alipomuuliza anataka nini akasema afumue, aanze upande wowote.

Sajenti alipiga simu kutoka ndani ya chumba cha kujaribishia. Alinong'ona kwamba fundi ni mtu mwenye adabu kupita kiasi, anamwita bosi, amemkuta na inchi arobaini na nne kiunoni na hakucheka. Magauni ya maandamano yamejaa rafu moja. Lakini kwenye msumari nyuma ya mlango zimetundikwa sare mbili, bluu ya mbingu, kola nyeupe. Mapindo yake bado, yameshikizwa kwa pini.

"Mbili tu?"

"Mbili."

"Basi hawajaondoka," Siafu alisema. "Wanane wanavalishwa sawasawa ili mpakani waonekane wafanyakazi wa kampuni moja. Hawezi kuwapeleka sita wamevaa na wawili hawajavaa. Anangoja hizo."

Msusi akamwomba asitikise kichwa.

Kungoja kulimtesa Siafu kuliko kukimbizwa. Alihesabu vigae vya sakafu, akavisahau, akavihesabu upya. Saa saba ikapita. Fundi alionekana kwa dirisha akiinama juu ya mashine. Saa nane kasoro dakika kumi mwanamke wa makamo, mnadhifu, mwenye mkoba mkubwa wa kitambaa, aliingia karakana kwa mwendo wa mtu anayetarajiwa. Hakukaa dakika tatu. Sajenti, simu yake bado wazi kwa Siafu, alisikia fundi akimwambia pindo la pili bado, na mwanamke akajibu kwa sauti laini kabisa kwamba haidhuru, litakunjwa hukohuko, gari haliwezi kungoja.

Siafu alitoka saluni nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama juu. Nyuma yake msusi alikuwa akiuliza kuhusu upande wa pili. Alimwachia Sajenti fundi, na Sajenti akamkamata hukohuko, yeye mwenyewe akiwa na pini kumi na mbili kiunoni na hawezi kuinama. Konstebo walifuata na gari kwa mbali. Mwanamke mwenye mkoba alitembea bila kugeuka, akapita maduka ya magodoro, akakata kushoto kwenye uchochoro, akasukuma geti la chekechea iliyofungwa tangu mwaka juzi. Uani palikuwa na basi dogo, mlango wazi, dereva anafuta kioo.

Kumkamata dereva hakukuwa kazi. Alikabidhi funguo kabla hajaulizwa. Mwanamke naye hakukimbia. Aliweka mkoba chini, akasema kwa ile sauti yake laini kwamba anaendesha mafunzo ya kazi na wasichana wamo ndani kwa hiari yao, waulizwe wenyewe. Kisha akatabasamu. Siafu alilielewa tabasamu hilo alipofika mlango wa darasa.

Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Polisi," alisema. "Mko salama. Fungueni."

Hakuna aliyefungua. Kupitia tundu la kitasa aliona viti vidogo vya watoto, herufi zilizochorwa ukutani, na magauni ya bluu yamesongamana pembeni. Jicho moja lilikuja kwenye tundu kutoka upande wa pili, likamtazama kichwani, likaondoka.

"Polisi gani ana nywele hivyo?" sauti iliuliza. Haikuhitaji kutambulishwa, mtu aliyejaa maneno hata kwenye hofu alikuwa mmoja tu. "Mama wa hoteli ametuambia mtakuja. Na sisi tumefundishwa. Mtu yeyote akisema ni polisi, usitoke naye mpaka umwone mmoja wetu. Hata avae sare. Hata alie."

Mafunzo ya Alhamisi hayo, na yalikuwa yamewaingia barabara. Mlango ungeweza kuvunjwa, lakini madirisha ya nyuma hayakuwa na nondo na chini yake palikuwa na korongo la maji machafu, na wasichana wanane wakiruka kwa hofu mmoja angevunjika shingo. Siafu akapiga simu chumba cha cherehani. Dakika ishirini baadaye Shangazi alishuka kwenye gari la kukodi, Mama Pasi nyuma yake.

Siafu alimweleza Shangazi kwa ufupi. Aseme tu ni yeye, watamjua kwa sauti, watafungua. Mengine yatazungumzwa baadaye, wakiwa wametoka na wamekula.

"Wanangu," Shangazi alisema mlangoni. "Ni mimi."

Palikuwa na mchakacho ndani, viti vikisogezwa. Mkono ukagusa komeo. Kisha ukasita.

"Shangazi," Chiriku alisema. "Kuna kitu sijakielewa. Huyu mama alinijuaje? Mimi sikumwambia mtu kwamba natafuta kazi, ila ninyi. Alijua mpaka bega langu."

Siafu alitikisa kichwa kwa nguvu, akamwonyesha Shangazi kwa mkono: baadaye, baadaye. Kulikuwa na majibu kumi ya kusema wakati ule, na lolote kati ya hayo lingefungua mlango. Shangazi alimwona. Akaweka kiganja kwenye mbao.

"Ni mimi niliyewaponza," alisema. "Sikukusudia. Nilimpa fundi daftari letu lote, nikamwambia uzi mwekundu ni nani. Nilikuwa na haraka, tumekuwa wengi, nikaona tumeshakuwa wakubwa kiasi cha kutoogopa. Wamewapata kwa mdomo wangu."

Mkono uliondoka kwenye komeo. Walisikia mtu akilia ndani, halafu mwingine akimnyamazisha. Siafu aliitazama saa yake, akalitazama korongo, akawaashiria konstebo wazungukie madirishani polepole. Shangazi hakuomba radhi, hakujitetea. Alibaki palepale, kiganja kwenye mbao, na uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi.

"Mama yangu yupo?" Chiriku aliuliza hatimaye.

"Nipo," Mama Pasi alisema.

"Basi abaki yeye. Wengine wote rudini nyuma."

Wakarudi nyuma, hadi kwenye basi. Mama Pasi alisogea mlangoni peke yake, akasema kitu cha chini ambacho hakuna aliyekisikia, na komeo likavutwa. Chiriku alitoka wa kwanza na kumwangukia mama yake shingoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Wengine walitoka mmojammoja. Ili kulifikia geti iliwabidi wapite mbele ya Shangazi. Hawa ndio waliozoea kumkimbilia mkono, wakigombania nani amwamkie kwanza. Wa pili alipita ameinamisha macho. Wa tatu alimtazama, akapita. Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, kimya kimya, mapindo yakigusa vumbi. Wa nane alikuwa mdogo kuliko wote na huenda hakuelewa yote yaliyosemwa, au mdomo ulifuata mazoea tu.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi alifungua kinywa na marahaba haikuja. Msichana alisubiri kidogo, akaona haitakuja, akawafuata wenzake.

Sajenti alifika na fundi nyuma ya gari, suruali bado imejaa pini. Alikuwa na jambo la kusema: fundi ameanza kuongea, ametaja nyumba ng'ambo ya mpaka walikopelekwa wale wawili, na huenda anwani ikawa ya kweli. Siafu akasema wampeleke kituoni na asiachwe na mtu peke yake. Kisha akamgeukia Shangazi. Alimwambia, kwa namna yake ya mkato, kwamba kesi haihitaji hadithi ya daftari itangazwe. Ushahidi wa karakana, basi na dereva unatosha. Mambo haya yakisambaa, vyumba vitavunjika, na bungeni ataandamana na kivuli chake.

"Nina vyumba ishirini na sita," Shangazi alisema. "Nitakwenda kila kimoja, niseme mwenyewe."

"Watakuacha."

"Anayeniacha aniache akijua." Alikuwa akipangusa kiganja chake kwenye gauni, tena na tena, ingawa hakikuwa na uchafu. "Nipe gari lako nusu saa."

"Unaanza na chumba gani?"

"Siendi kwenye chumba. Naenda kwa mama wa yule msichana wa kwanza. Jana alinipigia kunishukuru kwamba sijachoka kumtafutia mwanawe."

Siafu alimfungulia mlango wa mbele. Halafu akazunguka, akaingia upande wa dereva, akakaa, na safari yote hakuharakisha.